Shangazi, pilau ya Idi iliniharibikia, baba akainuka kwenye sinia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mdada wa miaka 34, nimeolewa nina watoto wawili, naishi Dar ila kwetu ni Tanga na nyumba ya wazazi iko huko huko, ndo tunapokutana wote kila sikukuu. Tumezaliwa watano, mi wa pili ila ndo binti mkubwa. Mama yetu alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka jana, aliumwa siku chache tu akaondoka, na hadi saivi naandika hapa machozi yananilenga.

Mama Shangazi alikua ndo Idi yenyewe. Usiku wa kuamkia Idi halali, anachambua mchele kwenye ungo, anakata vitunguu, redio imewashwa ya kaswida, sisi wasichana tunatumwa kutwanga viungo kwenye kinu alafu tunafukuzwa tukalale. Waliokua wanabaki nae jikoni ni mama mdogo na bibi mmoja jirani yetu. Asubuhi baba akirudi kuswali anakuta mkate wa kumimina na mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, anakula pale barazani mwenyewe kabla wageni hawajaanza kuja, sie watoto shida yetu ilikua pilau tu. Na hiyo pilau watu walikua wanatoka mitaa ya mbali kuja kula, yani ukifunua sufuria harufu inafika barabarani, mchele umechambuka moja moja, rangi yake kahawia imekolea, nyama laini. Hajawahi kupima kitu. Nilishamuuliza siku moja mama maji unaweka kiasi gani akanijibu mpaka uone yametosha. Basi.

Sasa Idi el Fitri iliyopita ndo ya kwanza bila yeye na mi nikasema lazima nipike mimi, sitaki mtu anisaidie, nilitaka iwe kama anapika yeye. Tulikua tunategemea watu kama arobaini. Mwezi ukatangazwa usiku tukaanza kukimbizana, mara nyama haitoshi mara mkaa hakuna nikasema ntapika kwa gesi. Nikachukua vipimo kwenye simu vya kilo moja nikazidisha mara tano kila kitu, vitunguu, viungo, maji vikombe arobaini, nikaweka kwenye sufuria moja kubwa tuliyoazima. Shangazi ilikua bokoboko. Juu umerojeka, chini umeungua, rangi nyeupe kama wali wa nazi na harufu ya karafuu imezidi mpaka inakaa kwenye ulimi. Asubuhi yenyewe tulikunywa chai na mkate wa dukani maana sikua na nafasi ya kitu kingine.

Wageni walikula kwa heshima. Baba alikula matonge mawili akasema alhamdulillahi mmejitahidi, akanawa, akaingia chumbani kwake akafunga mlango hadi alasiri. Nilienda kulia uani nyuma ya tangi la maji, wifi yangu ndo alinifata akanibembeleza.

Sasa Idi el Hajj inakuja na kwenye grupu letu la familia kaka mkubwa kasema tusijitese, kila mtu atoe elfu hamsini tuagize biriani kwa mpishi, wifi nae kaunga mkono. Mdogo wangu wa mwisho wa kiume akaandika "pilau ya mama imeshaondoka na mama, tuache". Hiyo sentensi imenichoma sijui nisemeje. Nimetoka kwenye grupu kwa hasira, siku ya nne leo sijarudi.

Nataka kujua mambo mawili. Kwanza nilikosea wapi kwenye kupika. Pili niwapiganie ndugu zangu tupike au niache waagize? Naona kama tukiagiza ndo tumemzika mama mara ya pili. Na baba naogopa kumpikia tena, naona kabisa chakula changu kinamuumiza.

Binti mkubwa, Tanga

*

Marahaba mwanangu, pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu na amuweke mahali pema. Na pole na Idi hiyo, najua ilivyo kupikia watu arobaini huku moyo wako uko makaburini.

Nianze na sufuria kwanza maana hapo nina jibu la haraka, ya baba nakuja nayo na ndo nitakayokaa nayo zaidi.

Kosa lako kubwa ni kuzidisha maji. Vipimo vya kilo moja vilikua sawa tu, vikombe saba mpaka nane kwa kilo ni vya kawaida. Lakini mchele wenyewe unakunywa maji karibu sawa na ujazo wake, yale yanayozidi yanawekwa kwa sababu yataondoka na mvuke. Sasa mvuke unaondoka kwa ukubwa wa mdomo wa sufuria na muda unaokaa motoni, hauondoki mara tano eti kwa sababu mchele umekua mara tano. Kwa hiyo ulipoweka vikombe arobaini kuna maji mengi sana yalibaki hayana pa kwenda, mchele wa juu ukaogelea, na wewe ukaona bado mbichi mbichi maji maji ukaongeza moto au ukakoroga (nina hakika ulikoroga, kila mtu anakoroga akiingiwa na hofu), chini ukashika. Mama yako aliposema mpaka uone yametosha hakua anakuficha, watu wa zamani wanatia kidole, maji yakikaa juu ya mchele kiungo kimoja cha kidole basi yametosha, iwe sufuria ya kilo moja au ya kilo tatu. Ndo kuona kwenyewe huko.

Alafu usipike kilo tano kwenye sufuria moja kama hujazoea. Kilo moja inashibisha watu kama wanane, hivyo kilo tano kwa watu arobaini hesabu yako ilikua sahihi, ila zigawe kwenye sufuria mbili, mbili na nusu huku na mbili na nusu kule. Mzigo ukiwa mkubwa mchele wa chini unabebeshwa uzito wa wa juu na unavunjika.

Rangi sasa. Umeniandikia ilikua nyeupe, hiyo ni vitunguu. Kilo tano zinataka vitunguu kama kilo mbili na nusu, na ukivimwaga vyote kwa pamoja vinatoa maji vinaanza kuchemka wenyewe kwa wenyewe, unakaa nusu saa unageuza vimelegea tu havijabadilika rangi, unachoka unaendelea. Vikaange mara tatu au mara nne, kidogo kidogo, mafuta ya kutosha, mpaka viwe kahawia iliyokolea karibu na kuungua ila havijaungua, hapo nyunyizia maji kidogo au supu uone rangi inavyotoka, ndo unatia thomu na tangawizi na viungo na nyama. Kazi hii haiharakishwi, ukiona umeanza kuchoka kaa kwenye kigoda uendelee kugeuza. Na usije ukatia binzari ya manjano kutafuta rangi, itakua pilau ya rangi nyingine kabisa.

Viungo navyo havizidishwi kwa kikokotoo, hasa karafuu na pilipili manga. Binzari nyembamba hiyo unaweza kuzidisha bila woga, ndo inayobeba harufu ya pilau, kwa kilo moja weka vijiko viwili vya chakula, kwa tano weka tisa kumi hamna neno. Mdalasini na hiliki ongeza kwa kiasi. Ila karafuu, kama kilo moja unaweka saba nane, kwa kilo tano mimi siendi zaidi ya ishirini, maana zikizidi ndo hiyo uliyosema inakaa kwenye ulimi.

Na moto. Mama yako alikua anapikia mkaa, si ndio? Pilau inakaushwa kwa moto wa juu. Maji yakishashuka yakalingana na mchele unageuza mara moja tu kwa mwiko, kutoka pembeni kwenda ndani, unafunika, unapunguza moto wa chini kabisa na unapalia makaa juu ya kifuniko, dakika ishirini na tano au nusu saa hufunui. Gesi haina huo moto wa juu. Kaangia vitunguu kwenye gesi kama una haraka lakini sufuria ya mwisho iweke kwenye jiko la mkaa, na jiko la mama liko hapo hapo nyumbani lipo stoo, nina uhakika hakuna aliyelitupa.

Kuhusu mkono wa mama sasa. Umesema hajawahi kupima kitu, lakini wewe ndo ulikua unatumwa kutwanga! Kaa kimya dakika tano ukumbuke ulikua unapewa nini kwenye kinu, kipi kingi kipi kidogo, kipi ulikua unatwanga kwanza kwa sababu ni kigumu, mdalasini au binzari, ulikua unaambiwa ulainishe kabisa au uache vipande. Mikono yako inajua zaidi ya unavyodhani. Yaliyobaki wanayo watu wawili umewataja mwenyewe kwenye barua alafu ukawapita, mama mdogo na yule bibi jirani. Wamekaa na mama yako jikoni usiku wa Idi miaka yote hiyo, na Idi iliyopita hukuwaita kwa sababu ulitaka upike mwenyewe. Nakuelewa kwa nini. Ila mwanangu hata mama yako hakupika peke yake hata siku moja.

Pika jaribio. Kilo moja tu, nyumbani kwako Dar, Jumapili ukiwa umetulia, mpigie mama mdogo simu akiwa anakusikiliza wakati unakaanga vitunguu. Na mchele nunua wote wa siku moja sehemu moja, utakaojaribia na wa sikukuu, kwa sababu mchele mpya na mchele wa zamani haunywi maji sawa, ukijaribia huu ukapikia ule unarudi kulekule. Ukiona wa kwanza umekataa rudia wiki inayofata.

Idi hii pia ina nafuu moja ambayo ile haikua nayo. Idi el Fitri unasubiri mwezi, hujui ni kesho au kesho kutwa mpaka usiku, ndo maana mkakimbizana na nyama na mkaa. Idi el Hajj iko tarehe kumi ya mwezi wa Mfungo Tatu, mwezi ukishaandama mna siku tisa mbele za kujipanga. Kuna jambo la kuangalia tu, siku ya Arafa, ile ya tisa, wengi tunafunga, kwa hiyo kama nawe utafunga usipange kupika kitu cha kuonja mchana, chambua mchele, menya thomu, twanga viungo, nyama uichemshe baada ya futari ndo uonje chumvi vizuri. Nyama ya pilau nunua siku hiyo ya Arafa. Msitegemee nyama ya udhiya, ile ya kuchinja ya Idi, kwa pilau ya mchana huo, mnyama anachinjwa baada ya swala, mpaka achunwe akatwe ni saa nne saa tano, na nyama iliyochinjwa sasa hivi ni ngumu inataka muda mrefu motoni. Wa udhiya mkaangeni maini yake mle, nyama igawanywe kwa jamaa na masikini, na mkizidiwa sana kuchinja mnaweza mpaka tarehe kumi na tatu.

Haya. Sasa baba.

Nimeisoma barua yako mara nne mwanangu na kila nikifika sehemu moja nasimama. Umeeleza pilau aya nzima, harufu yake, rangi yake, wageni wanaotoka mbali. Lakini hakuna mahali umeniambia baba yenu alikua anaipenda hiyo pilau. Sisemi alikua haipendi. Nasema ulichoniandikia kuhusu baba na chakula cha Idi ni kitu kimoja tu na umekipitia mbio, kwamba akirudi kuswali anakuta mkate wa kumimina na mbaazi na chai ya tangawizi, anakula barazani mwenyewe kabla wageni hawajaja. Halafu mistari michache mbele ukaniambia Idi iliyopita asubuhi mlikunywa chai na mkate wa dukani.

Fikiria kwa upande wake. Huyu mzee amerudi kutoka kuswali Idi ya kwanza hana mke. Njia nzima watu wanampa mkono, Idi mubarak, pole na msiba, Idi mubarak, pole na msiba. Anafika barazani kwake, pale anapokaa kila mwaka, na hakuna kitu. Miaka yote hiyo mkewe alikua anakesha, na katika kukesha huko, katikati ya sufuria za watu arobaini, kulikua na mkate mmoja mdogo unaopikwa kwa ajili yake yeye, uliwe kabla nyumba haijajaa. Pilau ilikua ya mtaa mzima. Mkate ndo ulikua wa kwake.

Kwa hiyo akiwa amekaa mbele ya sinia mchana alikua ameshaumia tangu saa tatu asubuhi. Mi siamini kabisa kwamba chakula chako kilimuumiza, na hata ungepika kama mama yako alivyopika, punje moja moja, nadhani angeinuka vilevile, pengine angeinuka mapema zaidi maana ladha ile ile bila mwenyewe ni nzito kuliko bokoboko. Huo mlango alioufunga haukuhusu maji ya pilau.

Wanaume wa umri wake hawasemi haya. Usimkalishe chini kumuuliza baba ulilia? Muulize kitu kidogo tu ukiwa nae kwenye simu, baba mkate wa mama asubuhi ya Idi alikua anatia iliki nyingi au kidogo. Alafu nyamaza umuache aongee. Anaweza akaongea nusu saa.

Na Idi hii ndo yenyewe. Idi el Fitri ni sunna mtu ale kitu kabla ya kwenda kuswali, walau tende, lakini hii ya kuchinja sunna ni asile mpaka arudi. Baba yako atarudi na njaa mwanangu. Atapita njia nyingine kurudi kama ilivyo sunna, atachelewa kidogo kwa kusalimiana, na atafika pale barazani hajatia kitu mdomoni tangu jana.

Mkate huo ni rahisi kuliko pilau. Loweka mchele vikombe viwili tangu mchana wa Arafa. Usiku uchuje, usage kwenye blenda na tui zito la nazi kama kikombe kimoja na nusu, ikune nazi kwa mbuzi usitumie la pakti, kwa huyu mtu usitumie la pakti, tia hamira kijiko kimoja cha chai na unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula, saga mpaka ukitia vidole usikie laini hakuna chenga. Funika uumuke. Ukishaumuka ndo utie sukari, robo tatu ya kikombe au kikombe kama mzee anapenda tamu, na iliki iliyosagwa, na ute wa yai moja, ukoroge taratibu. Watu wengi wanatia sukari mwanzo alafu wanashangaa mkate umekaa kama jiwe. Sufuria ndogo ipake mafuta ishike moto kwanza, mimina, itoe povu na vitundu vitundu, moto mdogo chini, kisha funika kwa makaa juu mpaka uso uwe na rangi. Nao unataka moto wa juu, unaona jiko la mama linavyorudi kazini. Mbaazi loweka na chemsha siku ya Arafa, asubuhi unaunga tui tu.

Sasa ndugu zako, na hapa nitakwambia kitu hutakipenda. Kuagiza chakula si kumzika mama mara ya pili. Kuna nyumba nyingi pwani hii zinachukua mpishi siku ya Idi, za watu wazima wenye akili zao na wanaowapenda mama zao. Kama jaribio lako la kilo moja likikataa mara mbili, au ukiona mwili umechoka, mimi nasema waachie mpishi pilau kwa moyo mweupe kabisa. Pilau ya watu arobaini inaweza ikapikwa na mkono wa kukodi na ikawa nzuri. Mkate wa baba hauwezi, ukitaka kupigania kitu pigania huo, na huo hautaki elfu hamsini ya mtu wala kura ya grupu.

Wifi yako usimuweke upande wa maadui. Alikufata nyuma ya tangi ukiwa unalia, akakubembeleza. Mtu aliyekuona katika hali ile akisikia tuagize ataunga mkono kwa sababu hataki kukuona pale tena. Mpe kitu chake mwenyewe kwenye sikukuu hii, kachumbari na juisi, au kama anajua kaimati basi apike kaimati na kiwe chake kila mwaka. Watoto wenu watakuja kusema kaimati za shangazi au za mama, ndo vyakula vya sikukuu vinavyoanza hivyo.

Na huyu wa mwisho aliyeandika pilau ya mama imeondoka na mama. Imekuchoma, najua, lakini isome tena taratibu. Huyo ni mtoto wa mwisho anaemlilia mama yake kwenye WhatsApp kwa sababu hana pengine pa kulilia. Wewe una jiko, una kinu, una mahali pa kupeleka huzuni yako. Yeye hana kazi yoyote Idi nzima zaidi ya kukaa sebuleni na wageni. Mwambie yeye ndo wa mkaa. Anunue, awashe, apalie makaa juu ya sufuria zote mbili, asimame hapo jikoni na nyie.

Rudi kwenye grupu leo. Usijieleze kwa nini ulitoka. Andika tu kitu kama hiki, "Samahanini ndugu zangu nilikua na uchungu. Naomba tufanye hivi, Jumapili najaribu kupika kilo moja, ikitoka tunapika wenyewe, hela ya mchango inunue nyama na mchele, isipotoka tunaagiza na mimi sitanuna. Mama mdogo atakua nasi jikoni. Mdogo wangu mkaa ni wako, wifi kaimati au kachumbari chagua. Asubuhi ya baba niachieni mimi." Mstari wa mwisho usiueleze zaidi hata wakikuuliza.

Siku yenyewe, akikaribia kurudi, tandika mkeka wake pale barazani, weka mkate kwenye sahani na mbaazi kwenye bakuli, kata mkate kama mama yenu alivyokua anaukata, chai iwe ya moto kwenye chupa ili asihitaji kuita mtu. Watoto wazuie ndani kidogo. Akifika mpe mkono wa Idi, mbusu, alafu usisimame kumwangalia anakula. Akiomba kipande kingine mpelekee. Akinyamaza, akakaa na chai yake anaangalia barabarani muda mrefu, mwache akae. Wewe rudi jikoni kwa mama mdogo, vitunguu vya sufuria ya pili vitakua bado.

Shangazi